Kupanga Paneli za Bodi kwenye Gari la Kujiundia: Anza na Milango

Mtu anayejiundia gari kutoka kwenye seti ya vipande hufika siku ambayo chasi na injini viko tayari, bodi ya faibaglasi inasubiri, na hamu ya kuliona gari likiwa na sura inazidi subira. Ushauri wangu ni kwamba drili iwekwe kando kwanza. Nafasi kati ya mlango na bodi huamuliwa na mambo yaliyo chini yake kabla msasa haujaguswa.

Gari lisimame kwa magurudumu yake kwenye sakafu iliyosawazishwa, likiwa limebeba injini, giaboksi na kioo cha mbele, kwa kuwa chasi hujipinda kidogo inapopokea uzito. Kwenye gari la wazi, lisilo na paa la kulikaza, mlango uliokaa barabara gari likiwa juu ya stendi unaweza kubana upande wa juu mara tu stendi zinapoondolewa.

Mimi huanza na milango kila mara, kwa sababu mlango hubanwa na bawaba upande mmoja na kitasa upande wa pili, ilhali boneti na buti vina uhuru zaidi wa kuufuata. Kabla ya kurekebisha bawaba, bandika mpira wa mlango, tena ule ule utakaotumika, si kipande cha mfano. Mpira husukuma mlango nje, na aliyeupanga mlango bila mpira atauona umejitokeza baadaye, wakati rangi imeshakauka.

Nafasi ya milimita 4 hadi 5 inafaa, ukikumbuka kwamba praima na rangi vitaongeza unene kwenye kingo zote mbili. Kata kipande cha plastiki chenye unene huo, kipitishe kuuzunguka mlango wote, na kila kinapokwama au kulegea weka alama kwenye tepu ya karatasi. Penye kubana, msasa namba 80 uliozungushwa kwenye ubao mnyoofu unatosha. Penye uwazi mkubwa ndipo kazi ilipo, na hapa wengi hukimbilia puti, ile lami ya kujazia mashimo kabla ya rangi, ambayo ikiachwa peke yake ukingoni humeguka mlango ukifungwa kwa nguvu. Osha kwanza nta iliyobaki kutoka kwenye kalibu ambamo bodi ilimiminwa, sugua tabaka la nje linalong'aa mpaka nyuzi zionekane, kisha jenga ukingo kwa resini iliyochanganywa na nyuzi za faibaglasi. Ukingo wa upande wa pili ufunikwe kwa tepu iliyopakwa nta ili resini isiushike. Mlango ukiwa umefungwa, jaza uwazi wote, na resini ikishakauka pitisha msumeno katikati. Mstari unaopatikana huwa sawasawa kuliko wowote ninaoweza kuuchonga kwa jicho.

Matundu ya bolti yatobolewe kutoka nje kwenda ndani, drili ikizungushwa kinyume mwanzoni ili tabaka la nje lisimeguke, na yawe makubwa kuliko bolti yenyewe ili paneli iweze kusogezwa. Tumia washa pana na ukaze kwa mkono tu hadi boneti na buti vikae. Faibaglasi ikibanwa kupita kiasi hupasuka mithili ya nyota.

Boneti ina jambo lake: injini hutikisika juu ya mipira yake. Weka vibonge vya udongo laini juu ya sehemu za injini zilizoinuka zaidi, funga boneti, ifungue, kisha pima unene uliobaki. Chini ya sentimita 2 mimi sikubali.

Kila kitu kikishakaa, toboa tundu dogo la milimita 3 linalopita kwenye bawaba na nguzo ya bodi inayoishika kwa pamoja, kisha vua paneli zikapakwe rangi. Wakati wa kurudisha, pini inayoingia kwenye tundu hilo itaurejesha mlango pale pale bila kuanza kupima upya.