Bunduki ya kuwindia wanyama wala nyama: majibu kwa wasomaji

Mimi ni mfugaji wa Pawaga, Iringa. Fisi wameingia zizini mara mbili tangu masika. Je, bunduki ya .22 inatosha kuwamaliza?

Haitoshi, na ninakuomba kwa dhati usijaribu. Risasi ya kawaida ya .22 (namba hizi hutaja takriban kipenyo cha risasi kwa sehemu ya inchi) ina uzito wa gramu 2.6 hivi na inafaa kwa shabaha na wanyama wadogo kama sungura, ilhali fisi madoa huweza kuzidi kilo 60, tena ana misuli minene ya shingo na mabega. Akipigwa kwa risasi hiyo huondoka na jeraha, akafia vichakani baada ya mateso ya siku kadhaa, au akabaki kilema asiyeweza tena kukimbiza swala, na hapo mbuzi wako ndio watakaokuwa windo lake jepesi. Kwa fisi mimi huanzia .243 Winchester yenye risasi ya gramu 6.5, na mwenye .308 yuko salama zaidi.

Hata hivyo, leseni ya kumiliki bunduki si kibali cha kuwinda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inatambua kujitetea na kulinda mali, lakini mnyama aliyeuawa hivyo ni lazima atolewe taarifa, na nyara yake, kama vile ngozi na meno, ni ya Serikali. Mwone kwanza ofisa wanyamapori wa wilaya, umweleze pia hasara uliyopata ili aandike madai ya kifuta jasho. Wakati unasubiri, imarisha zizi: fisi huja usiku, na wavu wa chuma uliofungwa kwenye nguzo imara umewasaidia wafugaji wengi wa ukanda huo wa Ruaha kuliko boma la miiba peke yake.

Huku Mufindi mbweha anamaliza kuku. Nikipewa kibali, nitumie kipenyo gani?

.223 Remington inatosha kabisa, kwa kuwa mbweha hazidi sana kilo 10. Jihadhari na kilicho nyuma yake: risasi hiyo hutoka mtutuni kwa kasi inayokaribia mita 1,000 kwa sekunde, na katika vilima vyenye nyumba na wachuma chai usifyatue mpaka uwe na ukingo wa udongo nyuma ya shabaha.

Nina .308. Rafiki yangu anasema kwa chui na simba ni lazima .375. Nani yuko sahihi?

Kwa simba, rafiki yako. Dume huweza kufika kilo 200, na wawindaji wazoefu hawapendi kushuka chini ya .375 Holland & Holland, risasi iliyoanza kutumika mwaka 1912 na ambayo kwa kawaida hubeba gramu 19.4. Chui ni habari nyingine: mwili wake si mkubwa na ngozi yake ni nyembamba, kwa hiyo .308 yenye risasi laini inayofunguka mapema humwangusha vizuri, mradi masharti ya leseni yako yanaruhusu kipenyo hicho. Risasi ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya nyati humpenya chui ikatokea upande wa pili bila kumdhuru vya kutosha, na chui aliyejeruhiwa hujibanza kichakani kimya hadi umkaribie hatua chache ndipo arukie. Watu wamepoteza macho na maisha kwa njia hiyo. Usifyatue kama humwoni bega vizuri, hata kama umemsubiri tangu alasiri.

Nilirekebisha darubini ya bunduki Mbeya mjini. Nikishuka Usangu, risasi itapotoka?

Kidogo mno. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukishuka hewa huwa nzito zaidi na kuipunguza risasi kasi, lakini kwa mita 100 tofauti hiyo haifiki upana wa kidole. Kinachoharibu shabaha ni mtikisiko wa gari barabarani, pamoja na kubadili aina ya risasi. Ukifika kambini, ukiwa na ruhusa ya wasimamizi, piga risasi tatu kwenye karatasi kabla ya kuingia porini, na kwenye miombo mizito iache darubini katika ukuzaji wa mara mbili au tatu, kwa sababu ukuzaji mkubwa utakuonyesha manyoya tu bila kujua ni ya bega au ya paja.