Mnamgombania Nora na mlango, saini hamjaiona: majibu ya maswali yenu

Safari iliyopita nilimgusia kidogo tu Nora, yule mke kwenye tamthilia ya Mnorwe Henrik Ibsen ya mwaka 1879, Et dukkehjem, yaani nyumba ya mwanasesere. Ndiye anayemwacha mume na watoto watatu, anatoka na mlango unasikika ukijifunga. Basi meseji zikamiminika, nusu mnamtukana nusu mnampigia vigelegele. Najibu chache.

Dada, huyu si mbinafsi tu? Mume kapata umeneja benki, watoto wana yaya, alitaka nini tena? (Msomaji, Morogoro)

Kaka yangu, umeingia mechi dakika ya 90. Huyo mume, Torvald, miaka ya mwanzo ya ndoa aliumwa hoi, na madaktari wakamfuata mke, siyo mgonjwa mwenyewe, wakamwambia asipopelekwa nchi ya joto huyu anakufa. Hela hakuna. Nora akakopa kimyakimya, wakaenda Italia mwaka mzima, jamaa akapona, na mpaka tamthilia inaanza anaamini hela ile ilitoka kwa baba mkwe. Deni analipa Nora kwa kujibana kwenye hela ya nguo na kunakili makaratasi ya watu usiku. Kuna Krismasi moja alijifungia wiki tatu nzima, mume akajua anatengeneza mapambo ya mti, siku ya siku mapambo hayapo, Nora anasema paka aliingia akayararua yote! Mume akacheka. Na huyuhuyu ndiye anayemkataza mkewe vitu vitamu eti ataharibu meno, mama wa watoto watatu anaficha vibiskuti vya lozi mfukoni na kufuta mdomo akisikia mume anatoka ofisini kwake. Sasa mbinafsi hapo nani.

Ila kufoji ni kufoji. Mbona wote tunakopa na hatufoji? (Mama wa vikoba, Tanga)

Hapa ndipo penyewe mama yangu, na watu wengi wanaparuka wanakimbilia mlangoni. Wewe kwenye kikoba unasaini jina lako. Norway ya wakati ule mke wa mtu alikuwa hawezi kukopa bila ridhaa ya mume, na mume mwenyewe ndiye mgonjwa ambaye hatakiwi kujua kama anakufa. Kwa hiyo ilitakiwa dhamana ya baba yake, na baba naye yuko kitandani anakata roho. Nora akasaini kwa niaba yake. Tena hakujua hata kufoji vizuri maskini, saini ina tarehe 2 Oktoba na mzee alifariki 29 Septemba, mkopeshaji Krogstad akaiona hiyo, maiti haisaini. Deni lenyewe ni speciedaler 1,200, hela ya zamani ya Norway, na alishalipa sehemu, lakini ile karatasi ndiyo imemshika kooni.

Sasa angalia Torvald anavyofanya barua ya Krogstad inayofichua siri ya deni na saini ikimfikia. Nora alikuwa anategemea mume atasema kosa ni langu, nabeba mimi. Wapi! Anamwita mwongo, mhalifu, watoto hutawalea tena, ila utabaki humu ndani watu wasijue. Dakika chache baadaye inakuja barua ya pili, Krogstad karudisha karatasi ya deni, na jamaa anapiga kelele, nimeokoka Nora, nimeokoka! Nora anamuuliza, na mimi je? Kwangu ndoa imeishia hapohapo, huko mlangoni ni kutoka tu.

Ni kisa cha kweli au katunga? (Msomaji, Nairobi)

Kuna mtu nyuma yake, mwandishi Laura Kieler, ambaye familia ya Ibsen ilimfahamu. Mume wake alikuwa na kifua kikuu, Laura akakopa kwa siri ampeleke kusini akatibiwe, deni likamzidi, akaishia kughushi. Mume alipojua akataka talaka na mke akapelekwa hospitali ya vichaa. Baadaye walirudiana. Kwa hiyo Laura hakufunga mlango wowote, alifungiwa, halafu maisha yake yote watu wakawa wanamwita Nora na hakulipenda hilo kabisa. Namwelewa.

Nimesikia kuna mwisho mwingine anabaki, kweli? (Msomaji, Zanzibar)

Kweli. Ujerumani mwaka 1880 mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuigiza Nora akiondoka, akasema yeye hawezi kuacha watoto wake. Ibsen akaona bora aandike mwenyewe huo mwisho mwingine kuliko watu kumharibia kazi, na sheria za hakimiliki zilikuwa hazimlindi. Nora anavutwa mpaka mlango wa chumba cha watoto wamelala, miguu inaisha nguvu, anaanguka, pazia. Ibsen mwenyewe aliuona mwisho huo ni ushenzi.

Kwani Ibsen alikuwa mtetezi wa haki za wanawake? (Mwanafunzi, Dodoma)

Mwaka 1898 chama cha wanawake Norway kilimwalika, akawaambia hata hajui vizuri hizo haki za wanawake ni nini, yeye anaandika habari za binadamu. Usimwamini sana kwenye mtihani lakini, maana mtu huyohuyo mwaka 1890 alitoa Hedda Gabler, mwanamke aliyeolewa na Tesman na bado jina la tamthilia ni la ukoo wa baba yake. Alieleza kabisa kwamba Hedda ni binti wa babake kuliko mke wa mumewe. Bastola anazochezea ndani ya nyumba ya Tesman ni za marehemu baba.

Sawa katoka. Amekula wapi kesho yake? (Msomaji, Mwanza)

Swali zuri kuliko yote. Mwandishi wa China Lu Xun aliliuliza mwaka 1923 mbele ya wanafunzi wa kike Beijing, na jibu lake halikuwa tamu, kwamba bila hela mfukoni atarudi au ataharibikiwa.

Ila mimi naomba umwangalie Kristine, rafiki yake Nora, wengi wanampita. Huyu aliolewa bila mapenzi sababu mama anaumwa na wadogo zake wanataka kula, mume akafa hakuacha kitu, akahangaika na duka, akahangaika na kashule, sasa mama kafa na wadogo wanajitegemea. Yuko huru kabisa huyo, na anasema anajisikia mtupu. Usiku uleule ambao Nora anavua pete, Kristine anamwambia Krogstad, yule mkopeshaji, waishi pamoja, na kazi aliyopata kwenye benki ya Torvald hataki kumwachia mtu, ataendelea nayo. Kwa hiyo ukiniuliza Nora atalala wapi, tamthilia yenyewe imeshataja, usiku huo anaenda kwa Kristine. Na begi kabeba dogo tu, vitu vyake alivyokuja navyo kutoka kwao Kristine atakuja kuvifunga kesho yake, Nora akishaondoka mjini.