Kifua sentimita 102: koti saizi gani?

Ndugu, umeuliza kifua cha sentimita 102 ni saizi gani kwenye makoti ya suti ya Uingereza. Gawanya kwa 2.54, unapata inchi 40 na ushee: agiza 40. Marekani ni ileile. Italia na Ujerumani wataandika 50, takribani nusu ya kifua kwa sentimita, kwa hiyo usishtuke. Angalia sana herufi inayofuata namba: 40L ni koti la mtu mrefu, si pana zaidi, na wengi huponzwa hapo. Pima mwili wenyewe, tepu ipite chini ya makwapa. Ukiangukia katikati, panda saizi. Kiuno fundi atakipunguza, lakini mabega yakibana hana la kufanya.