Uliza Mwalimu: Washambuliaji wanne, na katikati pamebaki wazi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha vijana wa chini ya miaka 17. Tunacheza 4-2-4, yaani mabeki wanne, viungo wawili wa katikati na washambuliaji wanne, kwa sababu nina washambuliaji wanne wazuri na sikutaka kumweka yeyote benchi. Mabao tunayapata, lakini mechi tatu zilizopita tumefungwa 9, karibu yote mpira ukipitia katikati. Viungo wangu wawili ikifika dakika ya 60 wameshakwisha. Nirudi 4-4-2?

JIBU: Marahaba. Usiguse mfumo kwanza. Mechi ijayo waache viungo, watazame wale wanne wa mbele pindi tu mpira unapopotea. Nahisi utawakuta wamesimama, mikono kiunoni, wanasubiri mpira urudi. Mabao yako 9 yanaanzia hapo.

Niliwahi kucheza kiungo katika mfumo huu. Kila tukifungwa tuliambiwa hatuna pumzi, tukaongezewa mbio za asubuhi. Pumzi ikaja, mabao yakaendelea kuingia. Siku moja nilikuwa majeruhi, nikakaa nyuma ya goli letu, ndipo nikaliona pengo: washambuliaji wako kule, viungo wako huku, na kati yao mpinzani anapokea mpira, anageuka, anainua kichwa, hana wa kumsumbua. Ilinichoma, maana tulikuwa tumelaumiana msimu mzima kwa kosa lisilokuwa letu.

Piga hesabu. Uwanja wa upana wa mita 68 ukigawiwa viungo wawili, kila mmoja ana mita 34. Wapinzani wakiwa na viungo watatu, mmoja yuko huru daima. Akigeuka, beki wako wa kati akimfuata anaacha uwazi mgongoni, akirudi nyuma anamwachia nafasi ya kupiga shuti.

Brazil waliotwaa Kombe la Dunia 1958 nao walikuwa na viungo wawili tu, Didi na Zito, nyuma ya washambuliaji Garrincha, Vavá, Pelé na Zagallo. Vijana wako watapenda kusikia kwamba Pelé alikuwa na miaka 17 alipofunga mawili katika fainali ya 5-2 dhidi ya Uswidi. Wewe waeleze habari za Zagallo. Kwenye karatasi alikuwa winga wa kushoto, lakini mpira ukipotea alishuka kuwasaidia viungo, na bado bao la nne la Brazil siku ile ni lake.

Sasa mazoezini. Tumia nusu ya uwanja, wanne wako na viungo wawili dhidi ya mabeki wanne na viungo watatu. Tuseme winga wa kulia amenyang'anywa mpira karibu na kibendera cha kona. Yeye mwenyewe anambana aliyemnyang'anya, asimruhusu kutazama mbele. Straika wa karibu anaziba pasi ya kwenda kwa beki wa kati. Straika wa pili anashuka kwa kiungo mkabaji wao na kumganda mgongoni. Winga wa kushoto anaingia ndani mpaka awe sambamba na viungo wako. Huyu ndiye Zagallo wako. Beki wao wa upande wa mbali anabaki huru, na hilo lisikutishe. Mpira wa kumfikia unakaa hewani muda wa kutosha timu kuhama. Rudieni mpaka wahame bila kuitwa.

Mabeki wako wa kati nao wapande hadi karibu na mstari wa katikati, kipa atoke langoni alinde mgongo wao. Wakibaki nyuma, viungo watakuwa wamekimbia bure.

Kuhusu kutomweka yeyote benchi, hapo sikubaliani nawe. Asiyetaka kurudi kukaba, hata awe fundi wa chenga, aanzie nje, na umwambie sababu ana kwa ana.

SWALI: Katika 4-2-4, mabeki wa pembeni wapande wote wawili?

JIBU: Mmoja tu kwa wakati, mwingine aingie ndani awe beki wa tatu. Nilton Santos, beki wa kushoto wa Brazil ile ile, alipanda mpaka akaifunga Austria. Lakini kabla beki wako hajavuka katikati, ageuze shingo aangalie mwenzake wa upande wa pili yuko wapi. Akimwona naye anapanda, asimame.