Jibu: Habari za chanzo cha faili ziandikwe wapi kwenye XML ya makala?

Mkuu, umeuliza uandike wapi kwamba faili lako la JATS (mfumo wa tagi za XML wa kuandika makala za kisayansi ili mashine izisome) limetoka kwenye karatasi zilizoskaniwa, na limetengenezwa kwa programu ipi. Wachangiaji wa juu wamekushauri uweke maoni (comment) tu mwanzoni mwa faili. Hapo sikubaliani nao. Maoni ya XML programu nyingi huyaruka, na faili likibadilishwa mara moja au mbili yanaweza kupotea yote.

Kama unatumia JATS 1.2 ya mwaka 2019 au toleo la baadaye, ipo tagi ya kazi hiyo hasa: processing-meta. Inakaa ndani ya article, kabla ya front, na mgawanyo huo una maana. Front inaeleza makala, yaani kichwa, waandishi, jarida. Processing-meta inaeleza faili lenyewe kwa sifa (attributes) zake: base-tagset inataja seti ya tagi uliyotumia, table-model aina ya majedwali, mathml-version toleo la MathML, lugha ya kuandikia hesabu. Ukifuata kanuni za ziada, mfano za PMC (hazina ya makala za tiba ya Marekani), zitaje kwenye tagi ya restricted-by.

Habari za skani hazina sifa yake maalumu, kwa hiyo tumia custom-meta-group humo humo, kila jambo na meta-name (jina) na meta-value (thamani) yake. Andika chanzo, programu iliyosoma maandishi pamoja na toleo lake, tarehe ya kubadilisha, na kama kuna mtu aliyehakiki majedwali kwa macho.

Hilo la mwisho nakuomba usiliache hata kidogo. Hapa Tanga kazi zangu nyingi ni makala za zamani za kilimo, hasa katani. Utafiti wa mkoa huu ni wa siku nyingi, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Amani ilianza mwaka 1902. Karatasi zimefifia. Mashine ikikosa nukta ya desimali, tani 1.8 zinageuka 18, na faili linapita uhakiki wa XML bila kosa, maana uhakiki ule unaangalia muundo, haujui katani inazaa kiasi gani. Mtafiti akiona kwamba namba hazijapitiwa na mtu, atarudi kwenye picha ya ukurasa. Asipoona atazinukuu, na kutoka hapo kosa litatembea makala hadi makala.

Tarehe ya kubadilisha usiichomeke kwenye tagi ya history. Kule ni kwa safari ya makala yenyewe: ilipopokelewa, ilipokubaliwa. Nimeshaletewa makala za miaka ya 1950 zenye tarehe za juzi humo.

Ukiwa bado kwenye 1.1, processing-meta haipo. Tumia custom-meta-group ndani ya article-meta, na majina yote ya habari za faili yaanze na neno moja, ili siku ya kuhama uyakusanye kwa urahisi. Na tahajia iwe ile ile kwenye mafaili yote. Kwa mashine, "chanzo" na "Chanzo" ni vitu viwili.