Kabla Hujanunua Spana Kubwa ya Gari

Wanaoanza kutengeneza gari nyumbani hukwama karibu mahali palepale. Seti ya spana za 8 hadi 19 imemaliza kazi ndogo zote, kisha inafika zamu ya nati ya hab, yaani ile kubwa ya katikati ya gurudumu, au bolti ya puli ya krenki, gurudumu la mkanda kwenye injini. Spana haiingii, au inaingia na nati haitikisiki. Mtu anakwenda dukani kuomba "spana kubwa" na kurudi na spana malaya, ile ya mdomo unaopanuliwa kwa skrubu, ya inchi 12. Kwa kazi hizo mbili, spana hiyo haitamsaidia.

Ukubwa wa spana una maana mbili: upana wa mdomo na urefu wa mpini. Bolti ngumu kwa kawaida inataka urefu. Nguvu ya kukaza hupimwa kwa Nyutoni mita, Nm. Ukivuta kama unayenyanyua kilo 30, yaani Nyutoni 300 hivi, mpini wa sentimita 30 unakupa Nm 90. Mkono huohuo kwenye mpini wa sentimita 60 unakupa Nm 180. Sasa linganisha na gari lenyewe: nati za tairi za Toyota ndogo nyingi hukazwa kwa Nm 103. Bolti ya puli ya krenki ya injini ya 1NZ-FE, ile iliyo kwenye Vitz na IST, ni saizi 19 tu, lakini hukazwa kwa Nm 128. Nati ya hab ya mbele ya Corolla E120 ni saizi 30 na hukazwa kwa Nm 216. Hizo ni namba za kukazia. Gari likishakula miaka kadhaa ya hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, kufungua kunaweza kudai zaidi.

Spana malaya ya inchi 12 inafunguka kama milimita 34, kwa hiyo saizi 30 inaingia bila shida ukiijaribu juu ya meza. Kwenye gari, nati ya hab imezama katikati ya hab na mdomo ule haufiki. Hata pale unapofika, unashika nyuso mbili tu kati ya sita, na taya inayotembea huwa na mchezo. Itazame kwa karibu nati iliyoanza kulika: kona zake zinang'aa, na ukipitisha kucha unakuta ukingo mwembamba wa chuma uliosukumwa upande mmoja. Ukiona hivyo, acha kuvuta. Ukirudia mara mbili au tatu kona zinaisha, na kilichobaki ni kazi ya patasi.

Hatusemi usiwe nayo. Inafaa kushikilia nati ya upande wa pili, au kwenye kazi isiyo ngumu ambayo saizi yake huna. Ukiitumia, kaza skrubu yake mpaka taya ziishike nati bila nafasi, kisha vuta ili mzigo ubebwe na taya isiyotembea. Dukani, fungua taya nusu na uitikise ile inayotembea. Ikicheza sana, irudishe.

Pesa ya kwanza iweke kwenye mpini mrefu wa soketi usio na racheti (meno ya kuzungushia upande mmoja), wenye kichwa cha mraba cha nusu inchi, urefu wa sentimita 60 au zaidi, na soketi za pembe sita: 17, 19, 21 na 30 ndefu. Pembe sita tunasisitiza kwa sababu soketi ya pembe 12 huishika nati karibu sana na kona, na nati yenye kutu huteleza hapohapo. Racheti iachie kazi ya kuzungusha baada ya bolti kulegea, maana meno yake madogo ndiyo yanayovunjika mtu akichomeka bomba kwenye mpini na kuvuta. Kwa bolti zinazokazwa zaidi ya Nm 100, epuka pia adapta ya kutoka robo tatu ya inchi kuja nusu au kutoka nusu kwenda tatu ya nane, kwa kuwa shingo yake nyembamba ndiyo huanza kukatika. Spana nzuri ya mtumba, iwe ya Japani au Ulaya, mara nyingi hushinda mpya isiyo na alama yoyote. Angalia mdomo haujapanuka na mpini haujapinda.

Kwenye nati ya hab, fuata utaratibu huu. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni ya kabla. Asubuhi, gari likiwa chini kwa matairi yake, toa kofia ya rimu, vuta hendbreki na weka kabari. Kwenye E120 ukingo wa nati umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti, hivyo uinue kwanza kwa tindo nyembamba. Kwenye Corolla za E100 na E110 utakuta kipini cha kuchomoa. Mwenzako akanyage breki, wewe uuvute mpini kuelekea kwako. Kusukuma ni hatari, kwa kuwa nati ikiachia ghafla vidole vinagonga bodi. Legeza kidogo tu, kisha inua gari kwa jeki na uliweke kwenye stendi. Usilisukume gari nati ikiwa imelegea, bearing inaharibika. Nati iliyogongwa ukingo haitumiki tena, nunua mpya.

Kukaza kunahitaji toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, na hapa wengi wanakosea namba. Zile za nusu inchi zinazouzwa sana huishia Nm 200 au 210, wakati nati ile inataka 216. Tafuta inayofika 300. Lakini hiyo huanza karibu 60, kwa hiyo usiitumie kwenye bolti ya kumwagia oili inayokazwa kwa Nm 37 hivi. Usifungulie bolti kwa toki renchi, na ukimaliza irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa ili springi isikae imebanwa.

Mwenye Land Cruiser 70 Series au Hilux ya zamani ya 4WD atakutana na nati ya 54 ndani ya hab ya mbele. Watu huigonga kwa patasi na nyundo, wakaacha vipande vya chuma ndani ya grisi ya bearing. Soketi ya 54 yenye ukuta mwembamba inauzwa peke yake. Inunue kabla hujafungua hab.