Umeme wa saa mbili usiku: ushauri kwa wenye mashine na wenye nyumba Nyanda za Juu Kusini

Kila msimu, mpunga ukianza kumiminika Igurusi na Chimala, wenye mashine za kukoboa na kusaga hunipigia simu na maneno ni yaleyale: "Fundi, njoo uangalie mita, bili imeruka." Nikifika nakuta mita ni nzima. Kilichoruka ni kVA, yaani ukubwa wa mzigo unaouvuta kwa wakati mmoja, na wengi wanaozilipia hawajawahi kukaa na mtu akawaeleza kVA ni kitu gani. Naanza na hilo kwa sababu ndiko hela nyingi inakopotelea.

Mteja wa TANESCO wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, analipa kwa uniti tu. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016 ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, iwe saa sita mchana au saa mbili usiku. Mashine ikikua na kuvuka uniti 7,500 kwa mwezi, unahamia T2. Huko uniti inashuka hadi shilingi 195 na mtu anafurahi, lakini bili inakuja na mstari mwingine: shilingi 15,004 kwa kila kVA, kwa kiwango cha juu kabisa ulichofikia mwezi huo. Unaweza kukoboa kwa utaratibu mwezi mzima, siku moja ukawasha kila kitu, na hiyo siku moja ndiyo ikaandika bili. Tena haiishii hapo. Kiwango unacholipia hakishuki chini ya asilimia 75 ya kilele cha juu cha miezi mitatu iliyopita, kwa hiyo kilele cha Julai kinaweza kukufuata hadi Oktoba.

Siku ninayoiogopa kwenye mashine ni ile umeme unaporudi baada ya kukatika tangu asubuhi. Wakulima wamelala juu ya magunia, mwendeshaji anapigiwa kelele, na yeye kwa huruma anawasha mashine ya kukoboa, gredi ya kuchambua mchele, ya kusaga mahindi na pampu ya maji, zote kwa mkupuo. Nimewahi kusimama na mwendeshaji mbele ya mita siku kama hiyo, tukabonyeza kitufe hadi kwenye namba ya kilele, tukaisubiri. Mota zilipoanza haikusogea. Ilipanda baadaye, mashine zote zikiwa bado zinafanya kazi pamoja, na ikabaki palepale hata tulipozima mbili.

Hapo ndipo wengi wanapotea. Wanadhani kishindo cha mota kuanza ndicho kinachowamaliza. Stata ya staa-delta, kifaa cha kuwasha mota taratibu, ni muhimu, inalinda mota na inawahurumia majirani taa zao zisizimezime. Lakini mita hairekodi sekunde mbili za kishindo. Inachukua wastani wa kipindi, kwa kawaida dakika 15 au 30. Kwa hiyo kuwasha moja, kusubiri dakika mbili na kuwasha nyingine hakupunguzi malipo ya kVA kama baada ya hapo zote zitakimbia pamoja saa nzima. Kinachopunguza ni kuamua zipi hazikai pamoja.

Tuseme mstari wa kukoboa na gredi unachukua kVA 90, na mashine ya kusaga mahindi 30. Zikifanya kazi pamoja unalipia 120. Ukisaga mahindi asubuhi kabla ya mpunga, au mchana wakati wa kukoboa wamepumzika kula, unalipia 90. Tofauti ni shilingi 450,120 kwa mwezi kabla ya kodi, na hujapunguza hata kilo moja ya mchele. Bandika ratiba ukutani pale kwenye swichi kuu, kwa herufi kubwa, na mwendeshaji awe na ruhusa yako ya kumwambia mteja wa mahindi asubiri. Bila ruhusa hiyo ratiba ni karatasi tu.

Halafu kuna kapasita, vifaa vya kupandisha pawa fakta, yaani sehemu ya kVA inayofanya kazi kweli. Mota zinazozunguka bila mzigo wa kutosha zinashusha pawa fakta. Mashine ya kilowati 60 yenye pawa fakta ya 0.75 inasomeka kVA 80. Ukiipandisha hadi 0.95 inasomeka kama 63. Kazi ni ileile, pungufu ni kVA 17, zaidi ya shilingi 250,000 kwa mwezi. Mwite fundi apime kwanza kabla ya kununua kasha la kapasita dukani kwa kukisia, maana zikizidi nazo zina madhara yake.

Sasa nyumbani. Niseme wazi: mwenye LUKU wa T1 hapati nafuu yoyote ya bei kwa kuhamisha matumizi kutoka usiku kwenda mchana. Uniti ni ileile. Nafuu yake iko kwingine. Mbeya ya Juni na Julai kila mtu anataka maji ya moto, na anayataka saa ileile, kati ya saa moja na saa nne usiku. Hita ya kuogea ya kilowati 5 inakula uniti nzima kwa dakika 12. Nyumba 20 zikiwasha kwa pamoja ni kilowati 100, na transfoma ya mtaa yenye kVA 100 hapo tayari imefika kikomo, kabla hujahesabu pasi, jiko wala hita ya chumbani. Ndiyo maana taa zinafifia, friji linanguruma bila kuwaka, na baadaye mtaa unalala giza transfoma ikiungua. Oga jioni mapema au asubuhi. Piga pasi Jumamosi mchana. Ukiwa kundi la D1, la nyumba zenye matumizi madogo, angalia jambo jingine: uniti 75 za kwanza ni shilingi 100 kila moja, zinazozidi ni 350, hivyo hita hiyo inaweza kukuondolea unafuu wote katikati ya mwezi.

Maharage pia yapikwe mchana. Huku tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka chini kidogo ya nyuzi 95, ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva sufuriani. Jiko la presha la umeme linamaliza tatizo hilo, na likifungwa vizuri chakula kinabaki cha moto kwa muda mrefu. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote, ila majiko hayo yote yasiwashwe saa mbili usiku.

Kuna wanaonijibu kwamba Bwawa la Nyerere limekamilika, mitambo 9 ya megawati 235, kwa hiyo umeme ni mwingi. Ni mwingi Rufiji. Kuja huku unapita kwenye njia za msongo mkubwa, ikiwemo ile ya Kidatu, Iringa, Mufindi hadi Mbeya, na mwisho wa safari ni transfoma ileile ya mtaani.

Wenzetu wameweka zawadi kwa anayekwepa kilele. Uganda, viwanda na biashara kubwa hulipa bei ya juu saa za kilele cha jioni, na ya chini usiku wa manane. Kenya ilianza Desemba 2017 kuwapa viwanda nusu bei ya uniti usiku, kwa matumizi yanayozidi kiwango chao cha kawaida. Uingereza, majira ya baridi ya 2022/23, kaya zenye mita zinazosoma kila nusu saa zililipwa kwa kila uniti zilizoacha kutumia saa zilizotangazwa, na bei waliyohakikishiwa kampuni zao za umeme kwenye majaribio ilikuwa pauni 3. California, Septemba 6, 2022, mahitaji yalipofika megawati 52,061, watu walitumiwa ujumbe wa simu jioni wapunguze matumizi, na mzigo ukashuka kwa zaidi ya megawati 2,000 ndani ya muda mfupi.

Kwa maoni yangu, la California tunaweza kulianza hata kesho. Simu kila mtu anayo. Ujumbe mmoja saa kumi na mbili jioni wa Juni, ukitaja mtaa, ungeokoa transfoma. La Uganda na Kenya ndilo la kulidai kwa nguvu, kwa sababu mpunga wetu unakuja msimu uleule wa baridi na hita. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za umeme, hukusanya maoni ya wadau kabla ya kubadili bei. Wenye mashine wa Mbarali, Igurusi na Makambako waende na bili zao za miezi 12 mkononi, waonyeshe kVA zao na saa zao za kazi, waombe bei ya usiku wa manane kwa kukoboa na kusaga. Na waombe wakiwa wamejipanga: kukoboa usiku kunataka taa za kutosha, mlinzi, vifuniko kwenye mikanda yote ya mashine, na zamu mbili za vijana, si kijana mmoja aliyekesha tangu asubuhi.